Shemeji Pu na Masizi ya Setelaiti

Wanawake wa kijiji chetu cha Shuangtu walikuwa na hofu mbili: mafuriko, na Shemeji Pu kuingia jikoni mwao. Mafuriko angalau hunguruma kabla ya kufika. Shemeji Pu aliingia akicheka, akakaa, akapokea bakuli la maji ya moto, na kabla maji hayajapoa alikuwa keshainua sufuria ya mwenye nyumba na kuchungulia chini yake.

"Dada wee," alimwambia mke wangu siku moja, "hii sufuria ni yenu au mmeazima kwa mchoma makaa?"

Mke wangu hakupika vizuri siku tatu kwa hasira. Lakini aliichukua ile sufuria, akaifudikiza uani, akaikwangua kwa jembe mpaka majirani wakaziba masikio. Ndivyo sote tulivyokuwa tukifanya, kukwangua kwa jembe tu, basi. Shemeji Pu hakuridhika na jembe. Yeye alimalizia kwa dodoki na majivu ya pumba za mpunga, akisugua mpaka chuma kikang'aa upande wa moto kama upande wa chakula.

Jina lake kamili lilikuwa Pu Chengxiu, na aliolewa kwetu na Jian Deguang, mkuu wa kikundi cha kijiji, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Kwa kuwa karibu sote huku ni ukoo wa Jian, kila mtu alimwita shemeji. Kukiwa na harusi au msiba, yeye ndiye aliyekusanya mabakuli kutoka nyumba zote na yeye ndiye aliyeyarudisha. Sheria yake ilikuwa moja: chombo cha mtu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Ulimwazima bakuli likiwa na doa, likakurudia halina, tena lina mayai mawili ndani. Ulifurahia mayai, ukajua pia umetukanwa.

Mimi nilimpenda. Nasema hivyo mapema, maana ninayoyasimulia yataonekana kama masengenyo.

Mwaka ule, baada ya mavuno ya mpunga, spika iliyofungwa juu ya nguzo karibu na bwawa ilitutangazia kwamba roketi imeruka salama kutoka jangwani kaskazini. Imebeba setelaiti mbili. Moja kubwa, yetu, itazunguka siku chache kisha irudi duniani. Nyingine ndogo, ya utafiti, ya wageni wa nchi moja ya theluji, yenyewe haitarudi.

"Yaani huyo mdogo kaomba lifti tu?" akauliza Jian Youcai, mfuga bata, ambaye hakuwahi kusikia habari bila kuitia chumvi. "Kapanda, hajalipa, na kurudi harudi. Huyo ni shemeji yangu wa mjini Chongqing kabisa!"

"Wewe cheka," Deguang akamwambia. "Huyo mkubwa akirudi atashukia pande zetu. Kile kitakachoshuka kikiguswa, utacheka ukiwa wapi?"

Tulijua alichomaanisha. Ng'ambo ya mto kuna kijiji ambacho setelaiti ya kabla ya hiyo iliwaangukia. Wao waliona parachuti, kitambaa laini chenye rangi, wakasema mbingu imewagawia nguo. Walipofika wenyewe kutoka Beijing, parachuti ilikuwa imeshakuwa foronya, suruali za ndani na mfuko wa mbegu. Spika ilitaja nyumba moja moja, na nini kilikutwa ndani ya kila nyumba. Tangu hapo washenga walikipita kijiji kile kama wanapita makaburi. Na Deguang wetu, mtu wa kukohoa tu, alikuwa amesimama mbele ya mkuu wa tarafa na wakuu wenzake wote, akasema: kikianguka Shuangtu, hakitaguswa hata kwa kidole. Hakuwahi kuahidi kitu kikubwa hivyo maishani. Alirudi nyumbani amevimba kifua, na sisi tukavimba pamoja naye.

Kikaanguka Shuangtu.

Tulikuwa tunachimba viazi vitamu mlimani. Ukasikika mshindo, bata wa Youcai wakatawanyika, na juu ya ukungu ikatokea parachuti nyekundu na nyeupe, inashuka polepole kama haina haraka na mtu. Chini yake kilining'inia chombo cheusi cha umbo la pipa lililochongoka. Kilipita juu ya mianzi yetu, kikatua kwenye jaruba la chini kabisa, lile ambalo huachwa na maji majira yote ya baridi. Jaruba lilikuwa la Deguang na Shemeji Pu.

Deguang alifika akihema. Aliwaweka vijana kuizunguka parachuti kwa mianzi mikononi, kila mmoja amtazame mwenzake kuliko kuitazama parachuti. Kisha akamwambia mkewe, mbele yetu sote: "Mimi nakwenda tarafani kupiga simu. Ukungu huu helikopta haitashuka, watakuja kwa magari. Wewe kaa hapa na chombo. Asiguse mtu yeyote."

"Nenda," Shemeji Pu akasema. "Nani atagusa nikiwepo mimi?"

Na kweli hakuna aliyethubutu. Alisimama juu ya tuta, ameshika mwiko mrefu wa kukorogea chakula cha nguruwe, na mtu akisogea aliunyanyua. Alilinda hivyo kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba mlinzi huwa hana la kufanya ila kutazama, na alichokitazama kilimtia uchungu. Kile chombo kilikuwa kichafu. Matope yalikipanda ubavuni, na juu ya matope, kote kulikochongoka, kulikuwa na masizi. Si masizi ya kupukutika. Masizi mazito, yaliyopasukapasuka, ya sufuria isiyojua jembe tangu inunuliwe.

"Wageni wanatoka Beijing," nikamsikia akijisemea. "Wanatoka Beijing, wanakuta hiki. Kwenye shamba langu."

Akaniachia mimi mwiko, akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na madodoki, majivu ya pumba na ndoo ya maji ya kuoshea mchele.

"Shemeji!" Youcai akapaza sauti kutoka tuta la pili. "Mume wako kasema kisiguswe!"

"Kasema ninyi msikiguse. Wewe na mikono yako ya kinyesi cha bata. Mimi ni mwenye shamba. Kitu cha watu kimelala kwangu, nikirudishe hivi hivi?"

Tulicheka. Huo ndio ukweli, tulicheka, na hakuna hata mmoja aliyesema acha. Alikunja suruali, akaingia majini, akaanza kusugua. Mke wangu, yule yule aliyetukanwa sufuria, alimchotea maji. Masizi yalitoka kwa shida, vipande vipande, yakaelea kwenye jaruba. Na chini ya masizi ikatokea mbao.

"Ni mbao!" Youcai akapiga kelele. "Wametupa pipa la pombe mbinguni!"

Ikawa sherehe. Watu walishuka kutoka mlimani kuja kuona kitu cha mbinguni kilichovaa mbao kama mlango wa zizi. Shemeji Pu alisugua hadi mishipa ya mbao ikaonekana, akasuuza, akapangusa kwa kitambaa kikavu. Kisha, kwa sababu chombo hakirudi kitupu, akaweka juu yake kikapu cha machungwa na mayai ya kuchemsha. Alisimama amelowa mpaka kiunoni, mashavu mekundu. Sijamwona na furaha ile tena.

Magari yalifika alasiri, yakakwama kwenye matope huko juu, na wa kwanza kuteremka kwa miguu alikuwa mwanamke. Alikuwa mwembamba, wa miaka kama hamsini, nywele fupi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Baadaye tulijua anaitwa mhandisi Rao. Alibeba kisanduku kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Alivua viatu tutani bila kuulizwa, akaingia jarubani, akafika kwenye chombo, akasimama. Alinyoosha kidole, akagusa mbao.

"Nani ameosha?"

"Mimi, dada!" Shemeji Pu akajibu. "Kilikuwa na masizi kama sufuria ya kapera! Lakini usiwe na wasiwasi, sikutumia mchanga. Dodoki tu na majivu. Tazama, hakina mkwaruzo hata mmoja."

Mhandisi Rao hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alirudi polepole, akachuchumaa juu ya tuta, akaweka kisanduku miguuni. Kilifunguka kidogo, ndani mlikuwa na brashi ndogo ndogo na karatasi laini.

"Mbao hii huungua ili vilivyo ndani visiungue," alisema. "Vilivyo ndani ni vya wenzangu, ni salama, usiogope. Mimi nilifuata namna ilivyoungua. Wapi sana, wapi kidogo. Masizi ndiyo yangekuwa yananiambia."

"Masizi?"

"Masizi, dada. Sasa sitajua kipi kimechukuliwa na moto na kipi kimechukuliwa na mkono wako."

Nimeona watu wakiaibika. Nimemwona Youcai akikamatwa na bata wa jirani ndani ya koti. Lakini Youcai aliona haya usoni tu. Shemeji Pu aliona haya mwili mzima. Alitazama mikono yake, akaificha nyuma, akaitoa tena kama hajui pa kuiweka. Madodoki yalikuwa yanaelea karibu na magoti yake, naye akayasukuma kwa mguu yaende mbali. Kisha akageuka, akapanda kwenda nyumbani mbio.

Tulidhani amekwenda kujificha. Kumbe alirudi amebeba mtungi wake wa achari na kitambaa chake cha kuchujia maziwa ya soya. Ule mtungi ulikuwa na maji ya chumvi aliyoachiwa na mama mkwe wake, naye aliachiwa na wake. Maji ya namna ile hayamwagwi. Huongezwa tu, mboga zikiingia na kutoka, na mwanamke huyarithi kama wengine wanavyorithi bangili. Mtungi ulikuwa mtupu. Harufu ya achari ilimfuata njia nzima, kwa hiyo tulijua ameyamwaga uani.

Akaingia jarubani, akaanza kuchuja. Alichota maji meusi, akayapitisha kwenye kitambaa, akakung'uta vipande ndani ya mtungi. Hakumtazama mtu. Mke wangu aliingia kumsaidia, Shemeji akamsukuma nje kwa kiwiko. Alichuja matope, masizi, mizizi ya mpunga, majivu yake mwenyewe ya pumba, vyote. Mtungi ulipojaa aliuleta tutani akauweka mbele ya mhandisi Rao kwa mikono miwili.

"Pokea, dada. Yapo humu. Mengi yapo."

Hayakuwa na maana yoyote tena, hata mimi nisiyesoma nilijua. Mhandisi Rao alilitazama lile tope. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ahsante," akasema. Na akaupokea.

Mkuu wa tarafa ndipo alipofika, mtu mnene, kapoteza kiatu kimoja njiani, Deguang akiwa nyuma yake. Aliona mbao inayong'aa, akaona kikapu cha mayai, uso ukamgeuka. "Nani amegusa? Deguang! Si uliapa wewe?"

Deguang alimtazama mkewe aliyelowa. Akakohoa, akafungua mdomo, na nadhani alitaka kusema ni yeye. Mhandisi Rao akamwahi.

"Kimeanguka majini," alisema, bado amechuchumaa. "Maji yameondoa masizi. Wanakijiji hawakugusa kitu. Wamelinda vizuri."

Mkuu wa tarafa akashusha pumzi. Sisi, watu wote wa Shuangtu, wake kwa waume, tuliinamisha vichwa, na hakuna aliyemkanusha.

Siku chache baadaye spika ya bwawani ilitusifu. Kijiji cha mfano. Uzi wa parachuti haukupotea hata mmoja. Na zaidi ya wote, mke wa mkuu wa kikundi, Pu Chengxiu, aliyesimama kwenye maji ya baridi kulinda mali ya taifa. Wakamletea beseni jipya lenye maua mekundu na taulo. Mkuu wa tarafa alimkabidhi mwenyewe, sote tukapiga makofi, na makofi yale yalikuwa na sauti mbaya.

Ningemtukana mtu kwa kunitendea ubaya na ningelala. Lakini sifa ya uongo huwezi kuitukana. Shemeji Pu aliliweka beseni juu ya kabati, akalifunika gunia. Aliacha kuingia majikoni mwetu. Youcai alimtania njiani, "Haya, mlinzi wa taifa, salamu!" tukangoja atukanwe mpaka kizazi cha tatu, lakini alipita tu akiwa ameinama. Youcai mwenyewe akajuta.

Jioni moja nilikuwa kwao nikimsaidia Deguang kusuka kapu, Shemeji Pu akatoka ndani ghafla.

"Acha nilirudishe beseni, Deguang."

"Ukilirudisha utasema nini?"

"Nitasema nilichofanya."

"Na mimi niliyeapa? Na kijiji? Unataka na mabinti wa huku wakose kuolewa?" Akakohoa sana. "Yule mama kashayafunika. Nyamaza, yatapita."

"Njia ya mwongo fupi," akasema, akaingia ndani.

Hayakupita. Vuli iliyofuata, kabla ya roketi nyingine kuruka, mkuu wa tarafa alimwita Shemeji Pu aende akaseme maneno machache kwenye kipaza sauti, avieleze vijiji vyote namna ya kulinda. Deguang alimfundisha la kusema kwa juma zima. Asubuhi ile tulikaa uani kwangu na mabakuli ya uji, Deguang akiwa pamoja nasi, tukitazama nguzo.

Spika ikakwaruza. Kisha sauti yake, kubwa mno, maana alikuwa amekikaribia kipaza sauti kama anayetaka kukila.

"Mimi ni Pu Chengxiu wa Shuangtu. Sikulinda. Niliosha kile chombo kwa dodoki, nikaondoa masizi waliyoyahitaji. Maji hayakufanya kitu, ni mimi. Yule mhandisi alinisitiri. Beseni nimekuja nalo, nimelirudisha. Ninyi wengine, chombo kikiwaangukia, msiguse. Hata kama ni kichafu. Msiguse."

Ikakatwa. Ukapigwa muziki. Deguang aliweka bakuli chini taratibu, akaenda nyuma ya mianzi, akakaa huko mpaka jua lilipoelemea upande. Hatukuwa na uso wa kumfuata.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Deguang aliondolewa ukuu. Ng'ambo ya mto walitucheka. Wao waliiba parachuti, walisema, lakini hawakupokea tuzo. Mshenga mmoja aliyekuwa njiani kuja kwetu aligeukia kwenye kivuko. Lakini Shemeji Pu mwenyewe alikuwa amepona. Alitembea kichwa juu. Aliomba radhi nyumba hata nyumba, na nyumba ya mwisho akainua sufuria akachungulia. Tulimkasirikia, na chini ya hasira tulimwonea wivu, kwa sababu yeye alikuwa ameutua mzigo wake na sisi bado tulikuwa nao.

Setelaiti ya mwaka huo ilishukia mbali, wilaya ya pili, lakini magari ya wapokeaji yalipita barabara yetu na kusimama kunywa maji. Shemeji Pu aliyangoja. Alikuwa ameshona viatu vya kitambaa, soli ya tabaka nyingi, mishono kila mahali. Kipimo alikichukua kwa macho tu, siku ile mhandisi Rao alipovua viatu tutani. Alikwenda kutoka gari moja hadi jingine, akichungulia madirishani.

"Mwanangu," akamwuliza kijana mmoja mwenye miwani, "yule mama mwembamba, wa nywele fupi, yuko gari lipi?"

"Mhandisi Rao? Hayupo. Hashiki tena kazi ya roketi."

"Amestaafu?"

Kijana alimtazama, akatutazama na sisi. "Ameondolewa. Alisema masizi yamechukuliwa na maji, baadaye ikatangazwa hapa tarafani kwenu kwamba mtu aliosha. Wakubwa wakasikia alidanganya."

"Lakini ni mimi niliyeosha," Shemeji Pu akasema. "Niliwaambia wote ni mimi. Sikumsema vibaya. Nilisema alinisitiri."

"Ndiyo, mama. Ndivyo walivyojua."

Alibaki amesimama na viatu mkononi. Kijana aliona aibu kwa niaba yake, akaanza kufunga na kufungua kioo cha dirisha.

"Mpelekee hivi," akasema mwishowe.

"Hatujui alipopelekwa, mama."

"Mpelekee hivyo hivyo."

Akavirusha ndani ya gari, kwenye mapaja ya yule kijana, kabla hajakataa. Dereva akawasha. Magari yalipoondoka alituelekea, sisi tuliokuwa kando ya barabara, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kwa sauti ndogo.

"Nilitaka nitakate mimi," akasema.

Youcai alikuwa anatazama bata wake, mke wangu alikuwa anatazama ardhi, na mimi nikasogea pembeni ili apite.